Ukweli Peke Yake Hautoshi: Hakimu Tourgée na Riwaya Zake

Wakutanishe waandishi chipukizi watatu mahali popote, hata dakika kumi hazitapita kabla hawajaanza kubishana juu ya jambo lilelile: riwaya ni ujumbe au riwaya ni hadithi? Wa kwanza atasema kuwa mwandishi asiye na la kuiambia jamii bora avunje kalamu akatafute kazi nyingine. Wa pili atasema mahubiri yana mahali pake, na mahali hapo si kwenye riwaya. Wa tatu atakaa kimya kwa sababu anaandika mapenzi, na anajua wenzake wote wawili watamcheka.

Mimi nimeishia sekondari, shahada sina, na riwaya yangu ya kwanza bado iko kwenye daftari. Kwa hiyo sitakuja hapa na nadharia. Nitaleta shahidi. Jina lake ni Albion Winegar Tourgée, mwanasheria, hakimu, mwanasiasa na mtunzi wa riwaya wa Marekani, aliyezaliwa Ohio mwaka 1838 akafariki mwaka 1905. Nimemchagua kwa sababu mtu huyu alikuwa na kila kitu ambacho sisi tunadhani kinamtosha mwandishi. Alikuwa na ukweli, na ukweli wenyewe aliuona kwa macho yake. Alikuwa na ujasiri. Alikuwa na msimamo ambao leo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeupinga. Tena aliuza vitabu kama karanga. Pamoja na hayo yote, jamani, alishindwa, na naona tuna faida kubwa ya kujua alishindwa wapi.

Kwanza maisha yake, kwa sababu bila maisha yake vitabu vyake havieleweki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Tourgée alijiunga na jeshi la Kaskazini. Katika mapigano ya kwanza ya Bull Run, mwezi Julai mwaka huohuo, aliumia uti wa mgongo, na maumivu hayo yakamfuata mpaka kaburini. Jicho moja tayari lilikuwa halioni tangu utotoni. Mtu mwingine angekaa nyumbani akila pole. Yeye akarudi vitani, akatekwa, akafungwa, akaachiwa, akaoa, na mwaka 1864 akawa mwanasheria. Vita vilipokwisha mwaka 1865 akahamia Greensboro, North Carolina, katikati ya watu waliokuwa maadui zake juzi tu.

Hicho kilikuwa kipindi ambacho Wamarekani wanakiita Ujenzi Mpya. Watumwa wapatao milioni 4 wamekuwa huru, na swali lililo mezani ni je, uhuru huo ni kitu gani? Ni kutopigwa mijeledi tu, au ni pamoja na kupiga kura, kumiliki ardhi, kusoma na kukaa kwenye baraza la mahakama? Tourgée alikuwa upande wa walioutaka uhuru mzima. Mwaka 1868 alikuwa mjumbe katika mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo, akapigania elimu ya umma na haki ya kupiga kura isiyotegemea mali. Mwaka huohuo akachaguliwa kuwa hakimu, akiwa na umri wa karibu miaka 30, na kiti hicho akakikalia mpaka mwaka 1874.

Sasa hapo ndipo ngoma ilipokuwa nzito. Wilaya zake zilikuwa makao ya Ku Klux Klan. Tarehe 26 Februari 1870, usiku, kundi la wapanda farasi waliojifunika nyuso lilimtoa nyumbani kwake Wyatt Outlaw, kiongozi mweusi wa mji wa Graham, likamnyonga kwenye mti ulio mbele ya mahakama. Mahakama hiyo ilikuwa mojawapo ya zile alizozisikilizia kesi Tourgée. Miezi mitatu baadaye, tarehe 21 Mei, seneta wa jimbo John W. Stephens, mzungu aliyekuwa akiwaunga mkono watu weusi, aliuawa ndani ya jengo la mahakama la Yanceyville huku mkutano wa kisiasa ukiendelea ghorofa ya juu. Tourgée akahangaika mpaka watuhumiwa kadhaa wakafunguliwa mashtaka. Bunge la jimbo likafuta sheria zilizotumika kuwashtaki, na mwaka 1873 likatoa msamaha. Ikaishia hapo. Wauaji waliendelea kwenda sokoni na kanisani kama watu wengine.

Fikiria wewe ndiye hakimu. Unawajua waliofanya, na unawasalimia njiani. Sheria uliyoitegemea imenyang'anywa mkononi mwako. Utafanya nini? Tourgée aliandika riwaya.

*A Fool's Errand* ilitoka mwaka 1879 bila jina la mtunzi. Jaladani palisomeka tu kuwa imeandikwa na mmoja wa wajinga. Jina la kitabu lina maana ya safari ya kijinga, ile ya mtu aliyetumwa kufuata kitu kisichokuwepo. Mjinga mwenyewe ni Comfort Servosse, kanali wa Kaskazini anayehamia Kusini na mkewe Metta na binti yao Lily, akinunua shamba kuukuu na kuamini kwamba watu wema wakikaa pamoja mambo yatanyooka. Hayanyooki. Kitabu kiliuzwa kupita kiasi. Nakala zake zinakadiriwa kufikia 200,000. Watu wakamlinganisha na Harriet Beecher Stowe, yule mama aliyeandika juu ya kibanda cha Mjomba Tom mwaka 1852.

Nimekisoma kwa Kiingereza, kamusi ikiwa pembeni, na nasema bila kusita: kuna kurasa humo ambazo mtu akizisoma usiku hatalala. Wyatt Outlaw amekuwa mzee Jerry Hunt. Stephens amekuwa John Walters. Lakini tazama mtunzi alichofanya. Katika maisha halisi Outlaw alikufa kwanza, Stephens akafuata. Katika riwaya Walters ndiye anayetangulia kufa, kisha Jerry, akiwa katika ibada, anasema hadharani mambo ya mauaji yale ambayo wote wanayajua na hakuna anayethubutu kuyatamka. Kwa kusema huko, ananyongwa. Tourgée amegeuza mfuatano wa matukio, na kwa kugeuza huko matukio mawili yaliyokuwa yamekaa mbalimbali yameshikana: kifo cha pili kinazaliwa na cha kwanza, na kosa la marehemu ni ushahidi. Hakuna hotuba hapo. Hakuna anayesimama kutueleza kwamba katika nchi ile kusema kweli ni hatari. Tumeshaona wenyewe. Hiyo ndiyo sanaa, na aliyeifanya ni mtu aliyekaa miaka 6 kwenye kiti cha hakimu akisikiliza mashahidi waliokuwa wakitetemeka.

Tatizo ni kwamba haamini kuwa tumeona. Akishamaliza tukio kama hilo, bwana mkubwa anapanda jukwaani. Inakuja sura nzima ya barua kati ya Servosse na wale anaowaita wenye hekima wa Kaskazini. Inakuja nyingine inayolinganisha tabia za Kaskazini na za Kusini, hoja ya kwanza, hoja ya pili, hoja ya tatu. Msomaji uliyekuwa umeshika pumzi unaiachia, unatazama zimebaki kurasa ngapi. Hoja zake ni sahihi. Ndiyo kwanza zinachosha, maana unakubaliana naye na bado anakushika shati.

Halafu kuna jambo zito kuliko hotuba. Tukio linalokumbukwa zaidi katika kitabu hiki, lile ambalo wasomaji wa wakati ule walilishangilia, ni binti Lily akipanda farasi usiku kwenda kumwonya baba yake kwamba Klan wameweka mtego. Ni tukio tamu kwelikweli, sina ubishi. Lakini baada yake riwaya inaanza kuegemea mapenzi ya Lily na kijana wa Kusini aliyekuwamo katika msafara uleule wa usiku. Jerry yuko kaburini, na sisi tunaulizwa kama mzee wa kijana atakubali ndoa. Nani aliyekufa na nani anayelia? Wanaokufa ni weusi. Wanaolia, wanaojifunza, wanaopendana na kubadilika ni weupe. Sidhani Tourgée alikusudia hivyo, lakini riwaya haiulizi ulikusudia nini. Inaonyesha macho yako yalitua wapi.

Wazungu wa Kusini walipomwita mwongo, Tourgée alijibu kama wakili. Mwaka 1880 alitoa toleo lenye sehemu ya pili, *The Invisible Empire*, iliyojaa ushahidi uliokusanywa juu ya vitendo vya Klan. Yaani hadithi kwanza, vielelezo nyuma. Namheshimu kwa hilo, maana waliouawa walistahili kumbukumbu yenye ushahidi. Ila tujiulize: mtunzi anapohisi kwamba riwaya yake inahitaji kiambatisho ili iaminike, ana shaka na nani? Na msomaji, au na riwaya?

Mwaka huohuo wa 1880 alitoa *Bricks Without Straw*, yaani matofali bila majani, kama Waisraeli walivyolazimishwa na Farao. Hapa naona alianza kujirekebisha. Nimbus alikuwa mtumwa, na alipokuwa mtumwa alikuwa na jina moja tu: Nimbus. Alipoingia jeshini akaandikwa George Nimbus, maana jeshi linataka majina mawili. Alipokuwa mtu huru, maofisa wakamwekea jina la bwana wake wa zamani, akawa Nimbus Desmit, na hilo ndilo hasa asilolitaka. Mtu mmoja, majina matatu, na hakuna hata moja alilolichagua kwa raha zake. Anasimama mbele ya karani anayetaka kujaza fomu yake amalize, na katika dakika hiyo ndogo ya ofisini umeelewa utumwa ulikuwa nini na uhuru ule ulipungukiwa na nini. Karani si mkatili. Ana fomu tu.

Hiyo, ndugu zangu, ni dhamira nzito kuliko barua zote za wenye hekima, na imeingia kwa mlango wa kawaida bila kupigiwa tarumbeta. Wale wanaosema ujumbe unaua riwaya wamsome Nimbus. Ujumbe haukuua kitu hapa. Uko ndani ya fomu, ndani ya kalamu ya karani, ndani ya mtu anayetafuta maneno ya kukataa.

Nimbus ananunua ardhi, analima tumbaku, anajenga, na kijiji kinakua kuzunguka kwake kikiwa na shule na kanisa. Eliab Hill, rafiki yake mlemavu wa miguu, anawafundisha watu. Kisha kijiji kinavamiwa usiku, Nimbus anakimbia, na hapo Tourgée anarudia ugonjwa wake wa zamani. Mhusika tuliyempenda anatoweka kwa sehemu kubwa ya kitabu, na nafasi yake inachukuliwa na Mollie Ainslie, mwalimu mzungu kutoka Kaskazini, na Hesden LeMoyne, mzungu wa Kusini atakayemwoa. Nimbus anaporudi ni mtu aliyevunjika. Yaliyomvunja tunahadithiwa kwa ufupi. Mimi nilitaka kwenda naye huko. Nadhani riwaya kubwa ilikuwa huko alikokuwa Nimbus, na mtunzi akabaki sebuleni na wachumba.

Nisije nikaonekana namdharau marehemu. Yeye mwenyewe alilijua pengo hili. Mwaka 1888 aliandika insha ya uhakiki juu ya Kusini kama shamba la watunzi, akalalamika kwamba maandishi ya Marekani yalikuwa yamegeuka kuwaonea huruma waliokuwa mabwana, na kwamba maisha ya mtu mweusi kama anavyoyaona mwenyewe yalikuwa bado hayajaandikwa. Aliona sawasawa. Jicho moja, lakini aliona.

Sasa niseme kwa nini suala hili si mchezo wa wanafunzi wa fasihi. Katika jimbo lilelile la North Carolina alizaliwa mwaka 1864 mtu mwingine, Thomas Dixon. Naye alikuwa mwanasheria. Naye aliingia bungeni. Naye aliandika riwaya juu ya kipindi kilekile, ila kichwa chini miguu juu: kwake Klan ndio mashujaa na watu weusi ndio hatari. *The Leopard's Spots* ilitoka mwaka 1902, *The Clansman* mwaka 1905, mwaka aliofariki Tourgée. Mwaka 1915 *The Clansman* ikawa filamu, *The Birth of a Nation*, wapanda farasi wakatamba kwenye pazia, watu wakapiga makofi, na mwaka huohuo Klan iliyokuwa imekufa ikafufuliwa karibu na Atlanta. Uongo ule haukusubiri kuambatanishiwa vielelezo. Uliwapa watu farasi, usiku, hofu na mapenzi, ukawaachia wamalizie wenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniambia fani ni mapambo, ni anasa ya waliosoma, kwamba mwandishi wa wanyonge aseme tu ukweli na inatosha, mimi namwonyesha hiyo miaka. Mwaka 1879 ukweli uliingia sokoni ukiwa wa kwanza, ukiwa na shahidi aliyeyaona, ukauzwa kwa maelfu. Mwaka 1915 uongo ndio uliokuwa ukitazamwa. Sisemi kitabu bora zaidi kingeizuia Klan; yapo mambo makubwa kuliko vitabu, na watu hupenda uongo unaowafaa. Lakini mwenye ukweli anayechosha anamrahisishia kazi mwongo mwenye kuvutia. Fani ni sehemu ya wajibu wetu kwa hao tunaodai kuwatetea.

Na hapa nimefika kwenye jambo lililonishangaza kuliko yote katika maisha ya mtu huyu. Mwaka 1890 jimbo la Louisiana lilitunga sheria ya kutenganisha abiria weusi na weupe katika treni. Kamati ya raia wa New Orleans ikaamua kuipinga mahakamani. Tarehe 7 Juni 1892 Homer Plessy, fundi viatu, akapanda behewa la wazungu kwa makusudi, akakamatwa. Wakili mkuu wa kesi hiyo alikuwa Tourgée, na hakutaka malipo. Mwaka 1896 shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani.

Katika hoja alizoandika kwa majaji, Tourgée aliwaomba wajaribu kuwaza jambo moja. Tuseme kesho asubuhi kila jaji anaamka akiwa na ngozi nyeusi na nywele za kipilipili. Anasafiri, na kondakta anamwamuru aende behewa la watu weusi. Atajisikiaje? Ataona hiyo ni sheria ya haki? Umeona alichofanya? Huyu aliyekuwa akijaza riwaya zake hoja za kisheria, alipofika mbele ya majaji aliwatungia hadithi. Fupi, yenye mhusika, safari, kondakta na aibu. Na mhusika wake, kwa mara hii moja, haangalii mateso ya mtu mweusi kutoka dirishani. Amewekwa ndani ya ngozi yake. Nathubutu kusema kwamba riwaya bora ya Tourgée ni hiyo ya sentensi chache, na aliiandika kwenye jalada la kesi.

Alishindwa, majaji 7 kwa 1. Hukumu ya tarehe 18 Mei 1896 ikahalalisha utengano, ikadumu hadi mwaka 1954. Jaji John Marshall Harlan peke yake alikataa, akisema katiba haioni rangi, usemi ambao Tourgée alikuwa ameukaribia sana katika hoja zake alipotaka sheria isitambue rangi. Mwaka 1897 Tourgée akapelekwa Bordeaux, Ufaransa, kuwa balozi mdogo, akafia huko mwaka 1905. Plessy alipewa msamaha na gavana wa Louisiana mwezi Januari 2022, wote wawili wakiwa wamelala makaburini zaidi ya miaka tisini.

Lakini nimesema alishindwa, na neno hilo halimtoshi. Mwezi Machi 1880, kijana mweusi wa miaka 21, mwalimu wa shule huko Fayetteville, North Carolina, alifungua shajara yake akaandika kuhusu kitabu cha Hakimu Tourgée. Alijiuliza: kama mzungu wa Kaskazini ameweza kuandika kitabu kama hiki baada ya kukaa Kusini miaka kadhaa, kwa nini mtu mweusi aliyeishi miongoni mwa watu hawa maisha yake yote asiandike kizuri zaidi? Kijana huyo ni Charles Chesnutt. Baadaye akawa mwanasheria huko Ohio, na mwaka 1901 akatoa *The Marrow of Tradition*, riwaya iliyotokana na mauaji ya Wilmington ya mwaka 1898. Humo watu weusi hawafi ili wengine wajifunze. Wana kazi, wana kiburi, wana makosa, wana ndugu wasiotaka kuwatambua. Haikuuzwa kama ya Tourgée. Lakini leo ukitaka kwenda alikokwenda Nimbus, Chesnutt ndiye wa kufuatana naye.

Miaka 21, jamani. Wengi wetu tunaoandika katika kurasa hizi tuna umri huohuo, au tumeupita kidogo. Chesnutt hakumsoma Tourgée ili amwabudu, wala hakumtupa kwa sababu ya zile hotuba. Aliona pengo, akalitia alama, akakaa miaka 21 mingine akijifunza kuliziba. Mimi daftari langu nimelifungua upya baada ya kumaliza vitabu hivi, nikafuta sura mbili ambamo mjomba wa mhusika anaeleza matatizo ya nchi. Mjomba amebaki, ila sasa yuko kwenye foleni anasubiri kugongewa muhuri.

Anayebisha aandike. Nafasi ipo, na mhariri hali mtu.